Koki ya Pili ya Mzee Orunbay

Maji ya gari yamelala ndani, karibu na jiko, pamoja na watu. Ni ndoo mbili za bati zenye vifuniko vya mbao. Saa moja na robo asubuhi mzee Orunbay anazitoa nje moja baada ya nyingine, ameshika kwa mikono miwili, anatembea polepole asije akamwaga hata tone. Baridi ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Hapa Ak-Bulung, juu kabisa kwenye nyanda za Pamir, watu bado hawajaanza kuiita hii baridi.

Mkewe, Bibi Burulay, amesimama mlangoni na birika mkononi, anamtazama.

"Ungekuwa unanibeba mimi hivyo tangu ujana, leo ningekuwa na meno yangu yote," anasema.

"Meno yako hayagandi," anajibu mzee bila kugeuka.

Uani limeegeshwa Uazik, gari la Kirusi aina ya jipu, la mwaka 1983. Rangi yake ya kijani imebaki kwenye milango tu. Boneti limefunikwa kwa zulia nene la sufu lenye nakshi nyekundu na nyeupe. Orunbay analikunja pembeni, anafungua rejeta, anamimina maji kidogo, anasubiri, anamimina tena. Hana haraka, maana maji ya moto yakikutana ghafla na chuma cha baridi chuma hupasuka, na chuma kikipasuka huku hakuna duka la kununua kingine.

Anachukua hendeli, anaichomeka mbele chini ya bampa, anapanga miguu, anazungusha. Kimya. Anazungusha tena. Mara ya nne injini inakohoa na kuzimika. Mara ya sita inashika, ekzosi inatema moshi mweusi, na mbwa wa jirani anaanza kubweka.

Mzee hacheki. Anaweka kiganja ubavuni mwa injini, anakiacha hapo kitambo, kisha anapiga magoti kuangalia kama kuna kinachovuja.

"Nimeisubiri sauti hii tangu Januari ya mwaka jana," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nilidhani nitafurahi. Sasa nikiisikia nasikiliza tu itakufa lini."

Orunbay ana miaka sitini na miwili. Amekuwa dereva tangu akiwa na kumi na tisa, enzi za Wasovieti, alipokuwa akimwendesha mwenyekiti wa shamba la ushirika kutoka kundi moja la yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa huku milimani, hadi jingine. Shamba lilipovunjwa watu waligawana mifugo. Yeye aliomba gari, wakamcheka.

"Waliniambia, Orunbay, yaki anazaa, gari lako litazaa nini?" anakumbuka. "Nikawaambia, nyinyi nendeni na maziwa yenu, siku mkiugua mtanitafuta."

Na walimtafuta. Kwa karibu miaka thelathini Uazik ndiyo iliyokuwa basi, lori, gari la wagonjwa na gari la maiti la kaya kumi na nne za Ak-Bulung. Murghab, kwenye hospitali na soko, ni kilomita tisini na nne. Abiria alilipa hamsini kwa fedha ya huku, somoni; mgonjwa hakulipa kitu. Mwezi ukiwa mzuri mzee alibaki na somoni mia tisa mkononi. Leo anaishi kwa pensheni ya somoni mia tatu na ushee, na kile anachotuma mwanawe wa pekee, Nurmat, anayebeba zege huko Yekaterinburg, Urusi.

Magari mengine kijijini ni mawili. Moja liko mji wa Osh linafanya teksi. Jingine lina mwaka wa tatu juu ya mawe.

Kuhusu maji kulala ndani, ni hivi. Dawa ya kuzuia rejeta isigande inauzwa Murghab kwenye madumu ya bluu, lakini mengi ya madumu hayo ni maji yaliyotiwa rangi, na walioyaamini wamejutia. Kwa hiyo madereva wa huku wanafanya walichofanya baba zao. Kila jioni, injini ikiwa bado ya moto, wanakinga maji yote kwenye ndoo na kuyaingiza ndani. Asubuhi wanayarudisha.

Maji hayo hutolewa kwenye koki mbili. Moja iko chini ya rejeta, unaiona ukiinama tu. Ya pili imejificha ubavuni mwa bloku, kile kiwiliwili cha injini kinachobeba pistoni, na ni nyembamba. Maji ya huku yana chumvi, kwa hiyo koki hiyo huziba kila mara. Maji yakikatika, dereva anachomeka waya, anazibua, mpaka bloku ibaki kavu kabisa. Waya wa Orunbay ni spoki ya baiskeli. Unaning'inia kwenye msumari pembeni mwa mlango.

"Koki ya kwanza hata mlevi anaifungua," anasema mzee. "Ya pili ndiyo inayotaka dereva."

Jioni moja Januari ya mwaka jana alirudi kutoka Murghab na magunia manne ya unga. Jua lilikuwa linazama. Alifungua koki ya kwanza, maji yakatoka yote. Akafungua ya pili.

"Ilitoa kidogo, kama mbuzi anayekojoa, ikakatika," anasimulia. "Nikajua imeziba. Nikainuka nifuate spoki. Nimeshapiga hatua tatu, nasikia langoni: mkwe, upo?"

Aliyekuwa akiita ni Teshebay, baba wa Sayragul, mke wa Nurmat na mkamwana wa Orunbay. Alikuwa amekuja kwa farasi, mwendo wa siku mbili kutoka kijijini kwake, kumwona binti yake aliyekuwa na mimba ya karibu miezi minane.

Sasa kwa Wakirgizi, ndio watu wa huku, mkwe haachwi langoni. Mwenye nyumba anatoka mwenyewe, anashika hatamu za farasi, anamsaidia mgeni kushuka, anamwingiza mpaka mahali pa heshima palipoelekea mlango. Akichelewa kidogo tu, habari itafika kijiji cha tatu kabla chai haijapoa. Mwandishi huyu amekaa Murghab miaka kumi na mmoja, na aliwahi kuona harusi ikivunjika kwa sababu wageni walimkuta mama wa bwana harusi akikamua yaki na hakuinuka mpaka ndoo ilipojaa.

Orunbay alienda langoni.

"Nilijiambia nitarudi sasa hivi," anasema. "Nikachinja kondoo. Tukala. Mkwe akatusimulia jinsi mbwa mwitu alivyomfukuza mpaka akapoteza kiatu kimoja. Sayragul alicheka mpaka akamwaga chai. Ningeweza kutoka hata mara moja, ningesema nakwenda kujisaidia. Sikutoka. Na si kwamba nilipuuza, ndugu yangu. Nilisahau kabisa, maana nilikuwa na furaha."

Usiku ule baridi ilishuka hadi nyuzi thelathini na nane. Asubuhi mzee alipofunua boneti aliona ufa mwembamba kama unywele, umeanza nyuma ya koki ya pili na kukimbia hadi mbele ya bloku, na barafu imechungulia kwenye ufa. Alifunika boneti. Teshebay alipoambiwa kuwa injini imegoma, alisema pole, akapanda farasi wake akaondoka. Kwa kila aliyeuliza Orunbay alijibu jambo moja: injini imezeeka, imekufa.

Mpango wa familia ulikuwa kumpeleka Sayragul Murghab wiki moja baadaye, akae kwa ndugu karibu na hospitali mpaka ajifungue. Ndivyo wanawake wote wa huku wanavyofanya. Siku ya nane baada ya ufa ule, uchungu ukamshika, wiki tano kabla ya wakati.

Mtoto alizaliwa mchana, msichana, mdogo lakini mwenye sauti. Damu ya mama haikukatika. Akina mama wa kijiji walifanya kila wanalolijua, ikashindikana. Orunbay na majirani wawili, mume na mke, walimfunga Sayragul kwa mablanketi juu ya sleji, mbao za kuteleza kwenye theluji, ya kuvutwa na yaki, wakashika njia ya barabara kuu ambako malori hupita. Ni kilomita ishirini na mbili.

"Mimi nilikuwa mbele, nimeshika kamba ya yaki," anasema. "Kila baada ya muda nasema, Sayragul, tunafika. Anajibu, ndiyo baba. Baadaye yule mama jirani akasema, Orunbay, usimwite tena. Nikaelewa. Lakini hatukugeuka. Tuliendelea kuvuta, sijui mpaka wapi. Nadhani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama."

Anaposimulia hayo anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kimeshakuwa cheusi kuliko mikono yenyewe. Anaendelea kufuta muda mrefu baada ya kumaliza kusema.

Bibi Burulay hakuamini hata siku moja kwamba injini ilizeeka.

"Nimelala na huyu mtu miaka arobaini, nisijue akidanganya?" anasema huku akimlisha mjukuu wake, Begimay, mkate uliochovywa kwenye chai ya maziwa na chumvi. Ndiye yule mtoto wa siku ile. Sasa ana mwaka na miezi tisa. "Gari limekufa, lakini yeye kila asubuhi anaamka, anachukua ndoo zake tupu, anazitoa nje. Anasimama nazo. Anarudi nazo. Nikawa namwacha. Ningemwambia nini?"

Ukweli ulitoka Januari ya mwaka huu, kwenye karamu ya kutimiza mwaka wa marehemu. Nurmat alikuwa amerudi kutoka Urusi. Kijiji kizima kilikuwa ndani, nyama imeshaletwa, Teshebay amekaa mahali pa heshima. Watu waliokuwapo wanasema aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikata nyama.

"Mkwe, hilo gari lilikufa lini hasa?"

"Asubuhi ile uliyoondoka."

"Jioni nilipofika lilikuwa zima. Niliona bado linatoa moshi."

"Lilikuwa zima," alijibu Orunbay. Kisha, mbele ya watu wote, akasema kuhusu koki, kuhusu spoki, na kuhusu sauti aliyoisikia langoni.

Teshebay aliweka nyama chini, akafuta kisu, akainuka, akatoka bila kuonja chakula. Kwa Wakirgizi hilo ni sawa na kumtemea mtu mate usoni. Hakuna aliyemlaumu.

"Mimi ndiye niliyemlea Sayragul," Teshebay anamwambia mwandishi huyu baadaye, "halafu naambiwa kilichofanya gari life ni heshima niliyopewa mimi. Ungekula?"

Zaidi ya mwezi hakuonekana. Katikati ya Machi alirudi, safari hii kwa miguu, akiongoza yaki. Upande mmoja wa yaki kulikuwa na gunia la mawe la kusawazisha mzigo. Upande wa pili, bloku ya Uazik iliyofungwa kwa sufu. Aliitoa kwenye mkweche uliokuwa ukiozea nyuma ya nyumba yake tangu askari wa mpakani walipoutelekeza. Alitembea siku tatu.

Siku hiyo hakuita langoni. Alisimama tu mpaka alipoonekana.

Binti yake mdogo, Ayzada, alikuwa tayari ndani ya nyumba hiyo. Alikuja baada ya mazishi ya dada yake kumtunza Begimay, na kila mtu alishajua yatakayofuata, maana ndiyo mila: mdogo mtu huchukua nafasi ya dada yake. Watu walisubiri kusikia Teshebay atataka mahari gani. Yaki wangapi, farasi wangapi.

"Sitaki mnyama wenu hata mmoja," alimwambia Orunbay. "Mahari ya huyu ni gari. Liwake kabla theluji haijafunga njia. Likiwa halijawaka, nakuja kumchukua binti yangu, awe na mume au hana."

Ndoa ilifungwa wiki hiyo hiyo. Nurmat alikaa mpaka katikati ya Aprili akarudi kwenye zege. Kijijini vijana walimwita Ayzada bibi harusi wa bloku, mpaka Bibi Burulay alipomfuata mmoja wao na mwiko wa kupakulia nyama.

Ayzada ana miaka ishirini na miwili na mimba ya miezi saba na nusu. Hamtaji baba mkwe wake kwa jina, kama inavyompasa mkamwana, lakini kwa mengine hana kona kona.

"Watu wanataka niseme nililazimishwa, au niseme nilipenda," anasema. "Begimay alikuwa analia, nikambeba. Siku ya pili akalia tena. Ikawa hivyo."

Anaogopa?

"Wewe unalala kwenye godoro la dada yako, una tumbo kama lake, na dirishani unaona gari lile lile. Usingeogopa?" Anaweka kiganja tumboni. "Kuna usiku naamka nasikiliza kama mtoto anacheza. Akicheza, namshukuru Mungu. Asipocheza, nahesabu kilomita."

Zulia lililo juu ya boneti ni la Sayragul. Alilitengeneza mwenyewe kwa miaka miwili kabla ya kuolewa na lilikaa sandukuni, halikutandikwa hata siku moja. Ni Ayzada aliyelitoa.

"Baba mkwe alikataa, akasema ni dhambi kulichafua kwa oili," anasema. "Nikamwambia, baba, sandukuni linamsaidia nani?"

Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya hema la sufu, lile wanalohamia nalo malishoni wakati wa kiangazi. Mwaka huu halikwenda popote. Lilisimikwa uani, likawekwa jiko la samadi katikati, na mahali ambapo kwa kawaida hulazwa wageni ikalazwa injini juu ya mbao.

Bloku ya Teshebay ilikuwa nzima lakini pistoni zilikuwa zimeganda kwa kutu. Orunbay alizilowesha kwa dizeli, akawa anazigonga kwa kipande cha mti, siku kumi na moja, mpaka ya mwisho ikasogea. Bloku ya zamani hakuitupa. Fundi wa kuchomelea Murghab alishajaribu kuiziba mwaka jana, ikapasuka tena papo hapo. Ipo uani, kuku wanataga ndani yake.

Ringi za pistoni zilitoka Osh kwa mikono ya madereva wa malori. Mara ya kwanza zikaja kubwa, mara ya pili zikaja za lori. Panya walikuwa wamekula nyaya zote. Tangi la petroli lilikuwa na matundu, sasa linatumika dumu lililofungwa nyuma ya kiti. Kati ya yaki tisa wa familia wamebaki wanne, wengine wameuzwa kulipia vipuri.

Jicho la kulia la mzee lina mtoto wa jicho, la kushoto linaelekea huko huko. Vitu vidogo anavitambua kwa vidole. Valvu nane za injini zilizotakiwa kusagwa kwa mkono, taratibu, mpaka zikae sawa kwenye viti vyake, hakuzisaga yeye.

"Nilizisaga mimi," anasema Bibi Burulay. "Alikuja kunifundisha. Nikamwambia toka hapa, nimepiga siagi miaka hamsini, mikono yangu inajua kuzunguka."

"Moja ulisaga kupita kiasi," anasema Orunbay.

"Ndiyo hiyo unayoisikia ikiimba vizuri."

Koki ya pili haikurudishwa ile ya zamani. Orunbay aliing'oa koki ya shaba ya samovari ya mama yake, birika kubwa la Kirusi la chai, akamwomba fundi aichongee nyuzi za skrubu ikae kwenye bloku. Tundu lake ni pana mara mbili. Hata hivyo bado inaziba, na spoki bado ipo kwenye msumari.

Septemba injini iliwaka kwa dakika mbili, ikamwaga oili yote chini. Ikafumuliwa upya. Mzee anakiri kwamba jioni ile alilala chali chini ya gari, akalia, akasema basi. Aliyemtoa ni Begimay, aliyetambaa akamfuata huko chini kwenye matope ya oili, na bibi yake akagomba mpaka usiku kwa sababu ya nguo. Oktoba ishirini na mbili ikawaka tena, na safari hii haikumwaga kitu. Wiki iliyopita ilikwenda kilomita arobaini na kurudi.

Theluji ya kwanza imeshaanguka. Malori yamepungua. Safari ya Murghab imepangwa Jumatatu. Ayzada atakaa kwa dada wa Bibi Burulay, dakika kumi kwa miguu kutoka hospitali, mpaka ajifungue mwezi Desemba. Begimay ataenda naye. Ili Jumatatu iwepo, Jumamosi na Jumapili lazima maji yote yatoke.

Ni Jumamosi jioni. Jua limeshika ncha za milima na upepo umeanza. Orunbay amerudi kutoka kujaribu breki hadi mtoni. Anaweka ndoo ya kwanza, anafungua koki ya rejeta. Maji yanatoka yakifuka, yanakwisha. Anasogeza ndoo ya pili, analala ubavu kwenye theluji, anafungua koki ya shaba. Inatoa, inapungua, inakatika.

Langoni kuna kwato.

"Mkwe, upo?"

Mkono wa mzee unabaki hewani. Bibi Burulay ametokea mlangoni. Ayzada yuko nyuma yake, Begimay kiunoni. Hakuna anayesogea. Jirani aliyekuwa akikusanya samadi kavu naye amesimama.

"Nipo," anaita Orunbay. "Subiri hapo hapo."

Jirani anainamisha uso. Orunbay anainuka, anakwenda kwenye msumari, anachukua spoki, anapita mbele ya lango bila kutazama, anarudi kulala kwenye theluji. Spoki inaingia, inatoka. Maji yanaruka, yanamlowesha mkono mpaka kwenye kiwiko, yanajaza robo ya ndoo, yanakatika. Anachomeka tena.

Langoni Teshebay amekaa juu ya farasi. Hakuna aliyekwenda kumshika hatamu. Baada ya muda anashuka mwenyewe, kwa shida, maana goti moja limekwisha. Anasimama upande wa pili wa ukuta mfupi, mgongo kwa upepo, amemshika farasi wake. Zinapita dakika tano, sita.

"Imekwisha?" anauliza.

"Bado."

"Chomeka tena."

"Nachomeka."

Matone manne. Mawili. Orunbay anainuka, anapuliza kwenye mdomo wa rejeta mpaka anakohoa, anarudi chini, anapitisha kidole kwenye koki. Kinatoka kikavu. Hata hivyo anachomeka spoki mara moja zaidi.

Haendi langoni bado. Anabeba ndoo ya kwanza ndani, anarudi, anabeba ya pili, anatandaza zulia juu ya boneti na kulifunga pembe zote nne. Ndipo anakwenda kufungua lango, mkono wake ulioloa umeshaanza kushika barafu kwenye mkunjo wa koti, na anashika hatamu za farasi.

"Nisamehe, mkwe," anasema. "Nimekuweka kwenye baridi."

Teshebay anamtazama. Ni mtu mrefu, ndevu zake zina theluji.

"Siku ile pia ungeniambia nisubiri," anasema. "Ningesubiri."

Orunbay anatingisha kichwa mara kadhaa, kisha wanamwingiza farasi zizini pamoja.

Ndani Bibi Burulay ametandika mahali pa heshima. Teshebay hapaendei. Anakaa chini karibu na jiko, palipo na zile ndoo mbili, anafunua vifuniko vyote viwili na kuangalia ndani.

"Haya ndiyo yote?"

"Ndiyo yote," anasema Orunbay.

Ayzada anamletea baba yake chai. Mwandishi huyu anamuuliza Orunbay, baada ya Desemba, Mungu akijalia, ana mpango gani. Mkono wake umefungwa kwenye kitambaa cha joto.

"Mkamwana akirudi nitamfundisha udereva," anasema. "Lakini kuendesha baadaye. Kwanza nitamfundisha kutoa maji. Na nitamwambia hivi: ukiwa chini ya gari, hata nikiita mimi, usije."